Nondo Hana Kosa

Mama yangu amepanda mtego kuzunguka mahindi yake hapa Mikinduri. Wewe ukipita barabarani utaona nepia tu, chakula cha ng'ombe. Nondo akipita usiku anasikia harufu inayomwambia: taga hapa, watoto wako watashiba.

Mbinu hiyo inaitwa sukuma-vuta. Watafiti wa icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan, waliiunda miaka ya 1990 pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo wa bungua. Pembeni unapanda nepia, ambayo humvuta. Anataga huko. Viwavi wakianza kutoboa, nepia inatoa utomvu unaonata, na wengi wanafia hapo hapo.

Nilimuuliza mama kama si dhambi kumdanganya mzazi mwenzake. Alicheka. "Kijana yangu, huyo akishiba, wewe utakula nini?"

Mimi sikucheka, kwa sababu nina kesi yangu.

Tuanze na kahawa, maana huku Meru tunaijua. Kafeini ni chungu, na kwenye majani hufukuza wadudu. Lakini kwenye nekta ya maua imo kidogo sana, nyuki haonji ule uchungu. Mwaka wa 2013 Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba nyuki waliofunzwa harufu kwa sukari yenye kafeini, walioikumbuka baada ya saa 24 walikuwa mara tatu ya wale wa sukari tupu. Nyuki anadhani anarudi kwa sababu ua ni tamu. Kumbe kuna kitu kilichoshika kumbukumbu yake.

Beti yangu ya kwanza ilikuwa ya shilingi 50. Nikashinda 1,200. Kidogo tu, uchungu hauonji. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na karo ya muhula ule mama alikuwa ameipata kwa kuuza ndume. Wiki saba baadaye haikuwepo. Nilirudi nyumbani nikasema chuo kina mambo mengi, nitaandika kwanza. Nimekuwa nikiandika tangu hapo.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivi: nilivutwa. Na ni kweli. Kuna mtu alikaa ofisini akachagua rangi ya kile kitufe, akapanga meseji ya "beti ya bure" iingie usiku nikiwa peke yangu. Huyo ana kesi, na si sawa na mama. Mama hawezi kumwita nondo wakae chini waelewane. Mimi ningeweza kuambiwa ukweli. Aliyejua naweza kuelewa maneno, akachagua kunitegea harufu, aliamua kunifanya mdudu.

Lakini utetezi wangu una shimo. Wiki ya tatu nilianza kufuta meseji. Niligeuza simu kifudifudi rafiki akiingia chumbani. Mama akipiga, nilikuwa na jibu tayari kabla hajauliza. Hakuna anayeficha asichokijua. Nondo hafichi chochote. Anataga palepale na kwenda zake, na hatawahi kujua watoto waliishia wapi. Ndiyo maana hana kosa. Mimi siku ile nilipofuta meseji ya kwanza nilikuwa tayari nimeitambua harufu, na kuanzia pale kila shilingi iliyokwenda ilikwenda na mimi nikiona.

Kwa hivyo siamini tena kwamba uhuru ni kutovutwa. Sijui kiumbe asiyevutwa. Naona uhuru unaanza pale unapoweza kuitaja harufu kwa jina, tena mbele ya mtu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakata nepia na ndugu yangu mdogo. Yuko kidato cha nne, na siku hizi taa ya simu yake haizimi usiku. Nikamwambia ndume wa mama alienda wapi. Nilitaja pesa zote, mpaka shilingi ya mwisho.

Alinyamaza kidogo, panga mkononi. "Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaendelea kukata. Jioni, kabla hatujawasha taa, nilimwambia mama.