Mwiko wa Pundamilia

Waaustralia wana mchezo mmoja unaonitia wivu: kumtafuta babu mfungwa. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwapakia melini wahalifu wapatao 162,000 ikawatupa huko, wengi wao kwa wizi. Kwa vizazi kadhaa wajukuu waliificha habari hiyo. Leo huyapekua makabrasha, na anayempata babu yake hujigamba. Wanampata kwa sababu karani aliandika kila kitu: jina, kosa, meli, miaka ya kifungo.

Mwaka huohuo wa 1868, meli ya mwisho ya wafungwa ilipofika Australia Magharibi, mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Hao angalau wameandikwa katika madaftari ya ubatizo. Wengine walipata hati za uhuru wakati wa Wajerumani. Waliobaki, walioteremka na misafara kutoka Tabora na Ujiji, walihesabiwa kama pembe za ndovu: kwa idadi na kwa bei. Nao hawakuwa wameiba hata kuku.

Wala si mambo ya kale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini huku Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Wazee waliozaliwa kabla ya hapo nimewaamkia shikamoo utotoni, hapahapa kijijini kwetu Mlingotini.

Kwetu upande wa mama tuna mwiko: hatuli pundamilia. Kijiji chetu ni cha wavuvi, kitoweo chetu ni pweza na changu. Pundamilia ataingiaje jikoni? Mwiko huo ulitembea na mtu kutoka bara. Nilipomuuliza mama mkubwa ni nani aliyekuja nao, alinijibu, "Mwanangu, ya wakubwa hayo, yaache," akaendelea kukuna nazi.

Namwelewa. Pwani yetu ukoo bado ni mizani. Zikitajwa nasaba, huyu ni Mshirazi, yule babu yake alishuka jahazini kutoka Arabuni. Utadhani bandari nzima ya watumwa haikuacha hata mjukuu mmoja. Kisha mnong'ono mmoja kuhusu asili ya mtu unatosha kuirudisha posa ya kijana mwadilifu, na hakuna anayethubutu kutaja sababu kwa sauti.

Wahenga walisema mkana kwao mtumwa. Yule wa kwetu hakukana kwao. Alinyang'anywa, akabaki na mwiko tu, akaurithisha. Wanaokana ni wajukuu. Na kila tunapomkana tunajitwika aibu ya aliyemuuza na aliyemnunua, ilhali wenyewe hawakuona haya.

Wanangu nimewaambia wazi: upande wa bibi yenu tulikuja kwa miguu, pengine katika minyororo. Atakayewanyima mchumba kwa hilo, mwombeni aseme sababu yake barazani, watu wakisikia.