Vibanda Kando ya Kagera

Wapendwa katika Bwana, someni kwanza Kumbukumbu la Torati 16, mstari wa 13 hata wa 15, kisha mrudi katika maneno haya.

Mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, jamaa saba za usharika wetu pamoja na rafiki zao walitoka Bukoba kwenda kupiga kambi siku tatu kando ya mto Kagera, karibu na Kyaka. Nami nilikwenda na mke wangu na watoto. Tulisimamisha mahema juu, mahali pakavu, mbali na mafunjo, kwa sababu ya viboko na mamba. Wala mtoto hakuruhusiwa kushuka majini. Huko wanaume walimenya ndizi pamoja na wake zao, jambo lisiloonekana sana kwetu, na watoto wakacheka. Jioni tuliketi kuzunguka moto, tukaimba na kuomba. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana mlangoni pa kanisa tu, huko walijuana kweli. Nayasema haya kwanza, asije mtu akadhani kwamba naidharau furaha ile. Ilikuwa zawadi ya Mungu.

Hata usiku wa pili mtoto mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, “Baba Mchungaji, mbona fulani hakuja?” Akamtaja mwenzake wa shule ya Jumapili, mwana wa mjane. Nikakosa jibu. Maana tulikuwa tumetangaza kanisani kwamba kila nyumba itoe mchango wa gari na wa chakula, na tangazo lile nililisoma mimi mwenyewe. Kwa mtu mwenye mshahara mchango ule ulikuwa mdogo. Kwa mjane mwenye watoto wanne ulikuwa mlango uliofungwa.

Ndugu, Mungu aliwaamuru Waisraeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa hivyo walipotolewa Misri. Lakini hakuagiza vibanda tu. Aliwataja na watu watakaofurahi humo: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Angalieni, mjane hakuachiwa mabaki ya sikukuu. Ametajwa katika amri yenyewe. Basi sikukuu isiyo na mjane, ijapokuwa ina nyimbo na sala, imepungukiwa na sehemu ya amri.

Nasi tunao mto wa kutukumbusha. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliingia katika nchi iliyo kaskazini ya Kagera. Daraja la Kyaka likabomolewa, na watu wengi wakakimbilia kusini bila kitu. Tena mwaka 1994, juu zaidi katika mto huu huu, watu wapata 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa Ngara chini ya maturubai. Na maji yakachukua maiti za waliouawa hata ziwani. Hao nao walipiga kambi, lakini si kwa furaha. Basi mtu alalaye hemani siku tatu, akijua kwamba nyumba yake inamngoja, na amkumbuke yeye asiye na nyumba ya kurudia.

Tuliporudi nilikwenda kwa mjane yule. Alinikaribisha, akaniletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo desturi yetu, kabla hajaniuliza nililolijia. Nilipoomba radhi alijibu kwa upole, “Mchungaji, tulilisikia tangazo, tukajua kwamba si letu.” Neno hili limenichoma kuliko lawama. Yeye asiye na kitu alinipa kahawa bila kuniuliza mchango. Nami mwenye hema nilimwachia tangazo.

Kwa hiyo nawasihi ninyi wazee wa kanisa na ninyi walimu wa mitaa, mwakani msianze kwa kuhesabu fedha. Anzeni kwa kuhesabu watu. Nendeni nyumbani kwao, mkawaite kwa vinywa vyenu, maana maskini hujua upesi tangazo lisilo lake. Mwenye gari alete gari. Mwenye ndizi, mkungu. Mwenye dagaa, dagaa. Asiye na kitu aje na watoto wake, wala asiulizwe. Na wagonjwa wasioweza kusafiri wapelekewe sehemu yao, kama Nehemia alivyowaagiza watu wawapelekee wale wasioandaliwa kitu.

Bwana wetu Yesu Kristo alikaa kati yetu kama msafiri, asiye na mahali pa kulaza kichwa. Atakapopita kando ya vibanda vyetu, na atukute sote tumo. Amina.