Usuhuba na Amana

Juu ya usuhuba wa mwanamke na mwanamume wasiooana wala wasio ndugu, wanafalsafa wakubwa wameandika machache, na hayo machache aghalabu hayana insafu. Aristotle, aliyeutengea urafiki vitabu viwili vizima vya maadili yake, hakumwona mwanamke humo kuwa rafiki wa mwanamume ila akiwa mkewe, tena chini yake. Na Montaigne, katika insha zake za mwaka 1580, alikata shauri kwamba roho ya mwanamke haina uthabiti wa kuchukua kifungo kama hicho. Tuwaamkie kwa heshima, kisha tuwapite.

Tumchukue mwanamke wa Goma, wa Himbi au wa Majengo, mwenye kazi yake na akili zake timamu. Jumapili, baada ya misa, huketi na wenziwe katika likelemba, chama chao cha kuchangiana fedha kwa zamu, daftari likiwa wazi juu ya magoti ya mama mtunza fedha, majina yakisomwa moja moja na noti zikihesabiwa mara mbili mbele ya wote. Na tangu benki za mji zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, daftari lile limekuwa tegemeo la nyumba nyingi. Wenziwe hao ndio watakaolala chini pamoja naye siku za kilio. Jioni nyingine huketi na wanaume aliosoma nao, wakijadili siasa na nauli za mashua za Bukavu, na huko hupata ladha ya kubishana bila kuogopa kununiwa. Basi wanawake humwambia, “Dada, sisi umekwisha kututupa”, na wanaume humsifu, “Wewe si kama wanawake wengine.”

Sifa hiyo naiona mbaya kuliko lawama ile. Anayeipokea kwa kicheko amekwisha kulipa kiingilio kwa heshima ya dada zake, naye hajui kwamba siku atakapowaudhi wanaume hao atageuzwa kuwa kama wanawake wengine mara moja. Na lawama yenyewe ina asili: sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimlazimu mke aombe idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba, na sharti hilo halikuondolewa mpaka mwaka 2016. Waliojifunza kwa taabu kusema bila kinywa cha mume si ajabu wakimwonea shaka mwenzao anayependa baraza la wanaume. Hofu yao ina haki. Dawa wanayoitaka, kuwatenga wanawake na wanaume, ndiyo haina.

Kwani hata katika dini mgawanyo huo haukushikwa na wote. Yohana asimulia jinsi wanafunzi walivyostaajabu kumkuta Bwana akizungumza na mwanamke kisimani Samaria, asithubutu hata mmoja kumwuliza. Na huko Bethania, Martha na nduguye wa kike na Lazaro wanatajwa katika pendo moja la Bwana. Waislamu nao husimulia habari za Rabia wa Basra, aliyeendewa na wanavyuoni wanaume, Sufyan al-Thawri miongoni mwao, wakaketi kumsikiliza.

Deni la sahibu, kwa maoni yangu, ni amana: yasemwayo kwenye likelemba yasiuzwe barazani, na ya barazani yasiwe kitoweo cha likelemba. Akiitunza hiyo, kundi linalomtaka aape dhidi ya jingine linatafuta askari, na mji huu umekwisha kuchoka kuulizwa uko upande gani.

Ila liko jambo moja linaloivunja kanuni hii, nalo si la nadra: mmoja wa wale wanaume wa barazani ampiga mkewe, na mke huyo ni mwenzi wa daftari wa mwanamke wetu. Hapo kunyamaza si amana tena. Na amwendee rafiki yake, amwambie uso kwa uso. Na kama kiti chake barazani kitaondolewa kwa sababu hiyo, kiondolewe, wala asiende kukiomba.