Rangi Bila Sura
Huko Houston, Marekani, mna kikanisa cha watu wa dini zote, kilichofunguliwa mwaka 1971. Kutani zimetundikwa picha 14 za Mark Rothko, wala hamna sura ya mtu: ni weusi na zambarau tupu. Wapo wageni watokwao na machozi mbele yake. Machozi ya nini, nanyi hamkuchorewa kitu?

Lakini sisi nasi, sanamu zetu zifunikwapo kitambaa cha zambarau majuma ya mwisho ya Kwaresima, je, hatuingiwi na huzuni kabla padre hajafumbua kinywa? Hata mtoto asiyejua kusoma huihisi.

Walakini hatuthubutu kusema kwamba kulia ndiko kusali. Aliyezichora picha zile alijiua mwaka 1970, nyumba ikali haijafunguliwa. Twamwombea.