Nguvu ya Lori, Mapafu ya Jirani

Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na lori linalopanda kwenda Kericho hukuta hewa nyepesi zaidi. Hapo turbo huokoa injini: moshi huzungusha feni moja, ya pili husukuma hewa kwenye silinda.

Masizi yakiziba kichujio cha ekzosi baada ya turbo, moshi hubanwa, feni hulegea, dizeli huliwa bure. Madereva wengine huagiza kichujio king'olewe.

Gari hupumua, lakini masizi hutoka hewani. Je, muuza samaki wa Kondele, mtaa wa Kisumu? Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya mazingira safi. Kumnyima ni dhuluma. Fundi mwadilifu hufunga geji ya shinikizo kwenye bomba la ekzosi, hupima, kisha husafisha kichujio.