Mgeni Njoo
Mtu anayepanga kukodi mashua ya matanga ili azunguke visiwa vya Grenadines, kule Karibi, hutazama kwanza majira: vimbunga huja kati ya Juni na Novemba. Basi huchagua Februari. Mwenyeji hana la kuchagua. Tarehe 1 Julai 2024, kimbunga Beryl kilibomoa nyumba nyingi za Carriacou na Union. Je, ni haki kwenda kustarehe hapo?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyepakia chakula chote bandari ya kwanza, kisha akatia nanga juu ya matumbawe, amemponya nani? Anayekwenda na anunue samaki na mkate wa wenyeji, afunge chombo kwenye boya. Hapo starehe yake ni halali.