Juu ya Dawa Itulizayo

Watu wengi huuliza neno hili: Je, ni haki kumpa mgonjwa dawa ya jamii ile ile iwafanyayo wengine kuwa watumwa?

Mofini hutoka katika utomvu wa mmea wa afyuni, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Katika nchi ya Uganda, mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alianzisha kazi ya kuwatunza wenye saratani na maumivu makali. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji, naye mgonjwa huinywa nyumbani kwake kwa kipimo. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wana ruhusa kuiandika, maana madaktari ni wachache. Hata hivyo jamaa wengine huikataa, wakisema, "Atazoea." Basi mgonjwa hulia usiku kucha, na hofu ya nduguze huitwa hekima.

Tena mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni waliofungwa na heroini. Mtu huja kila siku, hunywa mbele ya muuguzi, na mateso yale wenyewe wayaitayo arosto hutulia. Lakini wako wanung'unikao: "Huku ni kubadili mnyororo tu."

Hofu hiyo ina sababu. Huko Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1990, vidonge vya jamii hii viliandikwa pasipo kiasi kwa wenye maumivu ya muda mrefu, na watu wengi sana wakafa. Kwa hiyo kipimo na uangalizi havina budi kuwapo.

Lakini tupambanue mambo mawili. Mwili wa anywaye mofini siku nyingi huizoea, hata haifai kuikatiza ghafula. Huo si utumwa bado. Utumwa ni kuifuata dawa huku unaona inakuharibu, ukiiba na kuwaacha watoto wako na njaa. Basi tuulize: Dawa hii yamrudisha mtu kwa watu wake, au yamwondoa kwao? Yule anywaye methadoni asubuhi, kisha akaenda kazini na jioni akala pamoja na mkewe, amerudi.

Wala dawa peke yake haitoshi. Kule Unguja ziko nyumba za upataji nafuu, ambamo walioacha dawa za kulevya hukaa pamoja na kulindana. Hata yule Msamaria alimimina divai, kitu kileviacho, katika majeraha ya mtu. Kisha akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama.

Basi, ninyi walimu wa vijiji, mkimkuta mwenye maumivu au mwenye arosto, mpelekeni kwa mganga wa hospitali, kisha msiache kumtembelea. Wengi huanguka tena kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuketi nao.